Mkwaruzo Haulali Uchi

Ulimwona. Usiniambie hukumwona. Alikuwa amesimama nje ya geti la karakana, mkono mmoja umeshika uzio, jua la mchana linamwingia machoni kama maji ya kitunguu, na anacheka peke yake kwa sababu alikuwa amesahau njia ya kwenda kwao na anaona haya kuuliza. Ukapita. Ukamwambia mwenzako, "Huyo keshapiga mtindi, na saa hizi!" Mkacheka, mkavuka barabara. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe na macho yako ulitazama viatu vyako.

Hakuwa amekunywa hata tone. Alikuwa amepigwa kichwani. Na kwa kuwa ulipita bila kuuliza, leo utakaa usikilize.

Jina lake la kazini lilikuwa Popo. Alikuwa mchomeleaji katika karakana inayounda matangi makubwa ya chuma, yale ya kuhifadhia maji ya mtaa mzima. Walimwita Popo kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kuning'inia ndani ya kuba la tangi, kichwa chini miguu juu, akaunga bati na bati kwa mstari mnyoofu kama mshono wa cherehani. Na chini yake, siku zote, alikuwepo dada yake. Huyo walimwita Brashi. Alikwangua kutu kwa brashi ya waya na kupaka rangi ya kwanza, ile nyekundu inayotangulia rangi nyingine zote. Alikuwa mkongwe pale. Aliingia kabla Popo hajaota ndevu, na ndiye aliyemshika mkono akamleta.

Karakana ile ilikuwa na sheria mbili ambazo hazikuandikwa popote, na kila mtu alizijua kama mkono unavyoijua njia ya kinywani.

Ya kwanza: mkwaruzo haulali uchi. Rangi ikibanduka, chuma kikaonekana cheupe, acha unachofanya, chovya brashi, pakaza rangi ya kwanza kabla jua halijazama. Maana mkwaruzo wenyewe si kitu, ni upana wa ukucha. Balaa ni linalofuata. Hewa inaingia, unyevu unaingia, na kutu inaanza safari chini ya rangi, kimyakimya, huku juu panang'aa kama uso wa bwana harusi. Siku utakayoona pamevimba, ujue ndani kumeshaliwa.

Ya pili: aliyeanguka hupanda. Mtu akigongwa, akiponyoka ngazini, alinyanyuliwa, akamwagiwa maji usoni, akapewa soda, kisha akapanda palepale alipotoka, wote wakitazama. Na akianza kupanda, karakana nzima iligonga chuma, huyu kwa nyundo, yule kwa spana, yule kwa mpini wa brashi. Ngaa! Ngaa! Ngaa! Mpaka afike juu. "Woga tusiupe kiti," alisema msimamizi wao, mzee mwenye mabega ya mchukuzi aliyeitwa Mzee Twende, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa neno lake la asubuhi na la jioni. "Ukiupa kiti, utaomba na kitanda." Watu walicheka, na aliyeanguka alicheka nao.

Na usidhani sheria ile ilitungwa na mtu mbaya. Zamani palikuwa na fundi aliyeanguka akashindwa kupanda tena. Akakosa kazi, akaisha polepole, watu wakimwona. Wenzake wakaapa kwamba hakuna mwingine atakayeachwa chini. Ilizaliwa na huruma, na ndiyo maana iliumiza watu muda mrefu bila mtu kuishuku.

Siku ya Popo, mnyororo wa winchi ulikuwa unashushwa bila mzigo. Ndoano ikayumba, ikampata ubavuni mwa kichwa. Kofia yake ngumu ikapata ufa, naye akalala chali juu ya mbao za jukwaa, macho wazi, mwenyewe hayupo. Walipomshusha na kummwagia maji, akaketi, akawatazama mmoja mmoja.

"Kwani mechi imeisha?" akauliza.

Kicheko kililipuka. "Mwoneni! Huyu hata kaburini atatania!"

"Twende, kijana," akasema Mzee Twende, akimpangusa bega. "Juu."

Popo akapanda. Mguu wake ukakosa kidato, akaning'inia kwa mkono, akakipata. Nyundo zikaitika. Na Brashi pale chini aligonga mpini wake kuliko wote, machozi ya fahari yakimtoka, akisema, "Huyo ndiye mdogo wangu! Huyo!"

Jioni Popo alitapika njiani, akasema ni soda. Nyumbani mama yao alipofungua redio kwa sauti ileile ya kila siku, Popo alipiga kelele izimwe, kisha akalia kwa kumpigia mama kelele. Akavua viatu akaviweka ndani ya sufuria. Mama akavitazama, akamtazama yeye, akasema, "Leo tunakula ngozi, baba?" Popo hakucheka. Mama akamgeukia Brashi, sauti imeshuka. "Huyu si yule niliyeagana naye asubuhi."

Kesho yake alikwenda kazini hivyohivyo, maana nani atakayesema anaumwa na hana hata jeraha? Mwanga wa mashine ya kuchomelea ulimchoma mpaka kwenye meno. Mchana akatoka bila kuaga. Ndipo pale getini ulipomwona, ukapita. Brashi alimkuta bado ameshika uzio.

"Popo, unafanya nini hapa?"

"Nawasubiri mnipite," akajibu, "niwafuate nyuma. Nyumba imehama, dada."

Brashi hakurudi kuomba ruhusa. Alimshika mkono kama siku ile alipomleta kazini, akampeleka hospitali.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mikono ya koti ameikunja, anaongea huku anammulika Popo machoni. Alimwuliza tarehe, akamwambia asimame kwa mguu mmoja, akampiga picha ya kichwa. Kisha akawaketisha.

"Picha haioneshi damu ya kututisha. Hilo ni jema. Lakini picha haioni kila kitu."

"Daktari, amegongwa jana," Brashi akasema. "Mbona leo yuko hoi kuliko jana?"

"Kwa sababu pigo lilipiga mara moja tu, lakini madhara bado yanafanya kazi." Akachukua boksi tupu la glovu, akachora kiduara nyuma yake. "Ubongo umejengwa kwa seli, vitu vidogo ambavyo jicho halivioni. Kila seli ina majiko yake. Yanachoma chakula kwa oksijeni, na hiyo ndiyo nguvu tunayofikiria kwayo. Hata siku njema majiko hurusha cheche, na seli ina wazima moto wake. Kichwa kikipigwa, majiko yanaharibika, cheche zinawazidi wazima moto. Zinaunguza ukuta wa seli, na ukuta wenyewe ni mafuta. Na pakivuja damu, hata kidogo, chuma kilichomo ndani ya damu kinachochea zaidi."

"Chuma?"

"Chuma, dada yangu. Kilekile."

"Na seli ikishaungua?"

"Nyingine inapasuka, takataka zake zinawachokoza majirani, nao wanavimba. Nyingine inajiua yenyewe kwa utaratibu, kama mtu anayezima taa, anafunga mlango, anaondoka. Hayo hayaishi siku moja. Yanaweza kwenda siku nyingi, na mgonjwa anatembea, na watu wanasema mzima."

Brashi aliitazama mikono yake, wekundu wa rangi ya kwanza umemkaa kwenye kucha. "Kutu," akasema. "Hii ni kutu, daktari. Inatembea chini ya rangi."

"Ni ndugu yake kutu, sikatai. Lakini shika tofauti, maana ndiyo itakayomsaidia. Chuma hakijitibu. Ubongo unajaribu. Kuna seli zinazofagia vifusi, na zilizobaki zinatafuta njia mpya za kuungana. Kazi yenu ni kutoubomolea unapojenga."

"Hakuna dawa ya kuzima hizo cheche?"

"Watafiti wamejaribu nyingi. Panya wamepona. Kwa watu, sina ya uhakika ya kukupa, na sitakuuzia maneno. Ninachojua ni hiki: siku chache za utulivu, alale, ale. Kisha atembee, kidogo leo, zaidi kidogo kesho. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika tena, akilegea upande mmoja au asipoamka vizuri, mrudishe mbio. Na asipande juu wala asishike mashine mpaka nimpime nimruhusu. Pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona..." Alilitupa boksi kwenye kapu.

Popo akakiinua kitambaa kilichomfunika macho. "Daktari, kwa hiyo mimi nimekuwa bati?"

"Bati lingekuwa na akili kama zako, lingelala," daktari akajibu, na Popo akatabasamu.

Brashi hakutabasamu. Njia nzima ya kurudi kumbukumbu zilimpanda kama maji ya mafuriko. Fundi mabomba, aliyeangukiwa na bati, akapanda akishangiliwa. Baadaye akaanza kumpiga mkewe, yeye ambaye hakuwahi kumpandishia hata sauti. Tulisema pombe, Brashi akawaza. Mpiga rangi wa zamu ya jioni, aliyepanda akishangiliwa, kisha akawa analia bila sababu juu ya jukwaa. Tulisema kalogwa. Dereva wa kreni, naye aliyegongwa akapanda, akalala usingizi wa mchana asiamke tena. Tukasema siku zake zimefika. Kila mmoja tulimpa jina lake la kosa, na hakuna hata mmoja ambaye tuliuliza habari za kichwa chake. Ajali haina kinga, tulisema makaburini. Haya, ajali haina kinga. Na baada ya ajali je? Hapo napo hapana kinga, au hapo tulikuwa tunagonga chuma?

Jumapili Mzee Twende alibisha hodi, mfuko wa machungwa mkononi. Alimsalimia mama kwa heshima zote, akaketi, akamtazama Popo aliyelala mkekani pazia likiwa limeshushwa.

"Kijana, umenenepa."

"Ni uvivu, mzee."

"Uvivu una dawa. Kesho tunafunga kuba. Mwenye mkono wa kuba ni wewe. Usipopanda kesho, watu watasema nini?"

"Watasema yuko hai," Brashi akadakia.

"Binti, mimi sikuja kugombana. Mimi nimeanguka kuliko wote mnaowajua. Kila mara nilipanda. Nitazame!"

Brashi akamtazama. Akamtazama kweli, kama anavyotazama bati kabla ya kulipaka. Mkono ulioshika mfuko ulikuwa unatikisika, machungwa yanagongana humo ndani. Mzee akamgeukia mama, akauliza kwa upole, "Na wewe ndiye mama yao?" Mama akajibu ndiyo, ndiye. Alikuwa amemjibu vilevile alipoingia. Wakaongea mawili matatu ya hali ya hewa, na mzee alipoinuka kuaga akasema, "Samahani, sikuuliza. Wewe ndiye mama yao?"

Hapo Brashi akaelewa. Sote aliotuita vijana na mabinti, akawaza, majina yetu yalikuwa yamempotea. Miaka yote ile tulidhani ni mapenzi.

Mzee alipoondoka, Popo aliketi. "Nitakwenda, dada."

"Huendi."

"Nikikaa chini kesho, nitakaa chini milele. Unaijua karakana. Leo Popo, kesho Kuku."

"Kuku anaishi."

"Anaishi anadonoa!" Akashika kichwa kwa maumivu ya sauti yake mwenyewe. Kisha polepole: "Bora nife juu, dada. Chini sijui mimi ni nani."

Mama yao, aliyekuwa anamenya chungwa, akasema bila kuinua uso, "Mimi najua wewe ni nani. Niulize mimi."

Lakini asubuhi Brashi aliporudi kuteka maji, alikuta mkeka mtupu. Aliitupa ndoo palepale.

Alifika karakana akihema. Popo alikuwa chini ya ngazi, kofia mpya kichwani, mkono umeshika kidato, uso umempauka kama jivu. Watu wamekwishajipanga, nyundo mikononi. Mzee Twende amesimama kando. "Twende, kijana. Woga tusiupe kiti."

Ngaa! Ngaa!

"Popo, usipande!" Sauti yake ilimezwa na vyuma. Alisukuma mabega, hakuna aliyempisha. Mmoja akamcheka: "Dada mtu, acha mwanaume afanye kazi! Utamnyonyesha mpaka lini?"

Mguu wa Popo uliacha ardhi.

Basi Brashi akaacha kusukuma. Pembeni palisimama tangi lililokwisha, jeupe, limepakwa rangi ya mwisho, linalosubiri kuchukuliwa siku ileile. Alichomoa brashi ya waya kiunoni, akanyoosha mkono mpaka alipofikia, akaikandamiza kwa nguvu zake zote, akashuka nayo. Mlio wake ulipasua masikio. Rangi ikabanduka kama ganda, na kuanzia begani mwa tangi hadi tumboni chuma kikabaki uchi.

Kelele za nyundo zilikatika. Watu walipumua kama waliomwagiwa maji ya baridi.

"Mwendawazimu!" Mzee Twende akanguruma. "Rangi ya kwanza! Leteni rangi ya kwanza! Upesi!"

Wakatupa nyundo, wakakimbia. Huyu anabeba kopo, yule anatafuta brashi, yule anavua shati afute vumbi. Hata Popo, aliyekuwa ameshaanza kupanda, aligeuza shingo kutafuta kopo lilipo.

"Tazameni mlivyokimbia!" Brashi akapaza sauti, mgongo wake ameuegemeza kwenye mkwaruzo. "Hakuna aliyeuliza kama tangi linaumwa kweli au linajisingizia. Hakuna aliyeliambia lijikaze kiume. Hakuna aliyelipa soda! Chuma kimekwaruzwa, mnajua kutu haingoji, mmekimbia. Na huyu je?" Akamnyooshea Popo kidole. "Huyu kakwaruzwa ndani, kutu inatembea ndani ya kichwa chake hivi sasa tunavyoongea, na nyinyi mnampigia ngoma! Tangi halilali uchi hapa. Kichwa cha mtu ndicho kilale uchi?"

"Binti," Mzee Twende akasema, akijitahidi kutuliza sauti, "chuma ni chuma. Mtu ni mtu."

"Ndicho ninachosema, mzee wangu! Mtu ni mtu!"

Akamsogelea. Sasa hakuwa anapiga kelele. "Mzee, mimi hapa naitwa nani?"

"Unauliza nini tena?"

"Nimefanya kazi nawe miaka na miaka. Jina langu linaitwa hapa kutwa nzima. Nitaje."

Mzee Twende akafungua kinywa. Macho yake yakashuka kwenye brashi aliyoishika, yakakaa hapo, yakitafuta. Midomo ikacheza. Akawatazama watu, mmoja baada ya mwingine, kama mtoto aliyesahau shairi mbele ya darasa, na hakuna aliyecheka. Fundi mmoja akaanza kumnong'oneza, mwenzake akamshika mkono.

Mzee akaketi juu ya pipa lililopinduliwa. "Zamani nilikuwa nawajua wote," akasema. "Na watoto wenu nilikuwa nawajua."

Popo alishuka. Alishuka mwenyewe, kidato kwa kidato, akihakikisha kila mguu, akaenda akachutama mbele ya yule mzee. "Mimi ni Popo, mzee. Usione haya. Juzi mimi nilipika viatu."

Kicheko kilichotoka pale hakikuwa cha kejeli.

Sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka. Bwana wa ofisini aliteremka, akauona mkwaruzo, akamwambia Brashi achukue vitu vyake, asionekane tena. "Sawa," Brashi akasema, "lakini kwanza nimalize." Akachovya brashi ya rangi, akaupaka mkwaruzo wote, taratibu, kutoka juu hadi chini, bwana yule amesimama anasubiri. Kisha akamshika mdogo wake mkono wakatoka. Walipokaribia geti, nyundo moja iligonga chuma. Ngaa. Kimya. Kisha nyingine, na nyingine, na spana, na mipini. Haikuwahi kutokea pale chuma kigongwe kwa mtu anayeondoka kwa miguu yake akiwa chini. Popo alizipa sauti zile kisogo, masikio ameyaziba kwa viganja maana zilimwumiza, lakini anacheka.

Leo Popo anatembea mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Maneno yanamrudia moja moja, kama kuku wanaorudi bandani jioni. Mengine bado yako nje. Anaweza kusikiliza redio, kwa sauti ya chini. Huenda hataning'inia tena. Huenda. Lakini ndani ya fuvu lake kuna ujenzi, na hakuna anayeubomoa, kwa sababu kuna mwanamke alikataa. Mzee Twende naye alikwenda kwa daktari yule, Brashi akiwa amemshika kiwiko. Geti limefungwa kwa Brashi mpaka sasa, na kila asubuhi anasimama nje yake akimwambia kila anayeingia: akigongwa mtu, msimpandishe. Mleteni kwangu nimpeleke.

Sasa wewe. Usiniambie imekusikitisha, sikukuomba usikitike. Kuna mtu unayemfahamu aliyegongwa kichwa, kiwandani, uwanjani, juu ya pikipiki, au mkono wa mumewe ulimpata, akajipangusa akasema si kitu. Umeshamkumbuka. Jina lake limekupitia kichwani sasa hivi, na kichwa chako ni kizima, kinaweza kulishika. Basi iweke hadithi hii chini, inuka, mfuate. Mwulize leo ni siku gani, mwulize kama anatapika, kama mwanga unamwumiza. Mshushe ngazini, mtoe uwanjani, mpeleke kwa daktari. Usingoje kesho. Kutu haingoji. Inuka.